Uso wa Binti Chilumba

1

Afisa wa kampuni ya Lango aliingia uani siku ya Alhamisi asubuhi. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaamkia vizuri, kisha akaomba mgonjwa ainuliwe kitandani na ageuziwe dirishani, kwenye mwanga.

Mwanamke aliyemuuguza, Sikudhani, alikuwa anamlisha uji wa ulezi. Akarudisha kijiko bakulini, akauliza mwanga ulikuwa wa nini.

"Wa uso tu, dada," afisa akasema. "Hatazungumza, hatashika kitu. Atazame hapa, basi. Mara mia tatu na kumi na mbili. Tukianza sasa, adhuhuri tumemaliza."

Aliitwa Evarist Komba. Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, mwenye sauti laini kama ya mtu anayemvisha mtoto viatu, na shingoni alivaa kidani cheupe cha Lango, kile kinachosoma nyuso. Adabu yake ndiyo iliyomchoma Sikudhani kuliko yote. Angekuja anafoka, angejua pa kuanzia kumjibu.

Mgonjwa mwenyewe, Binti Chilumba, alikuwa ameanguka kando ya kisima wiki tatu zilizopita, ndoo ikiwa bado kichwani. Kiharusi. Tangu siku hiyo macho yake yalikuwa wazi na hayakumwona mtu. Ukimwita, haitiki. Ukimwekea kijiko mdomoni, anameza. Dirisha likifunguliwa macho yanahamia kwenye mwanga, lakini yalihama vivyo hivyo kwa moto wa jiko, na kwa nzi akipita. Kwa kidani cha Lango hayo yalitosha. Kidani hakikuuliza kama mtu yumo nyuma ya macho.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza ilikuwaje uso wa bibi mmoja ukawa mlango wa wanawake mia tatu na kumi na mbili. Ilikuwa hivi.

Zamani watu walifungua vitu vyao kwa maneno ya siri. Mtu alikuwa na neno la barua, neno la akiba, neno la hospitali. Akayasahau, akayaandika nyuma ya kalenda, na mwizi akayasoma. Ndipo maneno yakafutwa, zikaja funguo za siri. Ufunguo wa siri hausemwi wala haukaririwi. Una nusu mbili. Nusu moja iko kwa anayekuhudumia, kisimani, ghalani, zahanati. Nusu ya pili imelala ndani ya kifaa chako na haitoki humo. Kisima kinauliza, kifaa kinajibu, na hakijibu mpaka kimemwona mwenyewe. Kwingine watu walitumia kidole. Kijijini Namitema walitumia uso, kwa sababu ni wabanguaji wa korosho, na mafuta ya ganda la korosho yalikuwa yameshakula alama za vidole vya mama zao na vyao pia.

Vifaa vyao vilikuwa bangili. Bangili ikichakaa, unaiweka karibu na mpya na funguo zinahamia. Ikipotea, mdhamini wako anakurudishia funguo kwa kuonyesha uso wake. Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi na mmoja. Lakini bangili ni ukoo mmoja na vidani ni ukoo mwingine, na funguo za huku hazivuki kwenda kule. Lango walipomnunua mtengenezaji wa bangili, tangazo lilitoka: Jumamosi saa sita mchana bangili zote zitazimwa. Anayetaka funguo zake zivukie kwenye kidani, mdhamini wake akubali.

Kosa lilikuwa kwenye fomu ya miaka ile kumi na mmoja. Iliuliza: Taja mtu unayemwamini kwa siri zako. Waliotunga swali walidhani huyu atamtaja mumewe, yule dada yake, mwingine jirani. Namitema swali hilo lina jibu moja tu. Mwanamke aliyepita unyagoni ana somo wake, yule aliyemfunda, na siri zake zinakaa huko. Mume hazijui, dada hazijui. Na kwa miaka arobaini somo wa Namitema alikuwa mmoja. Kila mwanamke aliandika Binti Chilumba, na hakuna aliyemuuliza mwenzake umemwandika nani. Isingekuwa adabu.

Sikudhani alichukua khanga iliyokuwa miguuni mwa kitanda, akamfunika Binti Chilumba uso.

"Mwali akitolewa ndani, uso wake umefunikwa," akamwambia Komba. "Anayetaka kuuona anaomba kwanza. Wewe umemwomba nani?"

Komba hakukasirika. Alisema anaheshimu mila, mama yake pia alichezwa unyago. Ila mfumo hauangalii mila, unaangalia kumbukumbu, na kumbukumbu ilikuwapo. Alipunguza sauti, lakini mlangoni alikuwa amesimama Somoe, mwenyekiti wa kikundi cha wabanguaji, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, na Somoe alisikia kila neno.

"Siku nne baada ya kuugua, mdhamini huyu alimrudishia mtu mmoja ufunguo wake," Komba alisema. "Sitaji jina. Nasema alikubali, na alikuwa hivi hivi alivyo leo. Kwa mfumo, mtu aliyeweza kukubali siku ile anaweza kukubali na leo."

Masikio ya Sikudhani yaliwaka moto. Alijishughulisha na bakuli la uji, akakwangua pembeni palipokuwa pasafi.

Komba akawapa siku moja wazungumze. Angerudi kesho saa nne. Akavaa viatu vyake, akaaga kila mtu, akaondoka.

2

Mtu yule alikuwa Sikudhani.

Ilikuwa mwezi huo huo, siku ya Jumatatu. Mashine ya kubangulia iliinasa bangili yake, na kama asingeuvuta mkono kwa nguvu ingeondoka na kiganja. Bangili ilitoka vipande. Iliyosagwa haina cha kuhamisha, na bangili mpya aliyopewa na kikundi ilikuwa tupu kama kikombe kilichosuuzwa. Mchana ule mwanawe Asumini, wa miaka saba, mwenye ugonjwa wa seli mundu, alianza kulia kwa maumivu ya mifupa. Vidonge vyake vilikuwa zahanati, ndani ya kabati la kioo. Mtu aliweza kuviona. Kabati lilifunguka kwa ufunguo wa mama tu.

Alikuwa anakaa kwa Binti Chilumba tangu siku ya kiharusi, kwa sababu mzee hakuwa na mtoto na Sikudhani alikuwa katika kundi la mwisho alilolifunda. Mzee alikuwa na bangili yake mkononi. Sikudhani aliinua ule mkono mzito mpaka bangili ikatazamana na uso. Akasema, "Somo, ni kwa ajili ya Asumini." Akasubiri. Alisubiri muda ambao ungemtosha mtu mzima kusema ndiyo au hapana, ili aweze kujiambia kwamba aliuliza.

Macho yalihamia kwenye taa ya bangili. Bangili ikasema kwa furaha: Asante, Chilumba.

Ile asante ndiyo iliyomkaa kooni. Asumini alipata dawa jioni hiyo, akalala. Sikudhani alimwosha mzee uso kwa maji ya vuguvugu, akausugua kama mtu anayefuta alama. Hakumwambia mtu yeyote.

Na sasa kijana wa shati la pasi alikuwa amekipata kitendo kile, amekigeuza ushahidi. Alikasirika mpaka akashindwa kujua anamkasirikia nani zaidi. Lango waliotengeneza kitu kisichoweza kutofautisha kukubali na kutazama. Komba na "dada" zake. Na mkono wake mwenyewe, ule uliouinua mkono wa mwenzake.

3

Mbanguaji hashiki kifaa akiwa kazini. Mikono imejaa majivu na mafuta ya ganda, na mafuta hayo yakigusa kioo hayatoki. Kwa hiyo banda zima la Namitema lilizoea kusomewa. Bangili zilisoma barua, habari, mapishi, ugomvi wa watu wa mbali. Alhamisi hiyo mchana Sikudhani aliiambia bangili yake imsomee masharti ya uhamisho, yote, bila kuruka.

Ilisoma dakika arobaini na tano. Wenzake walimcheka. Mmoja alisema amwambie Lango wamtafutie mchumba humo humo kwenye masharti. Sikudhani alibangua na kusikiliza, na mara mbili aliirudisha nyuma.

Kifungu cha saba kilisema hivi: mdhamini akikubali uhamisho, anakubali pia nakala ya kila ufunguo itunzwe kwenye hifadhi ya Lango, kwa usalama wa mteja. Sikudhani aliacha kubangua. Kwa miaka yote nusu ya ufunguo ilikuwa haitoki kwenye kifaa, hata aliyekitengeneza hakuwa nayo. Mwenye nakala angeweza kwenda zahanati akiwa wewe, na kusema ndiyo akiwa wewe. Na hakuna mwanamke hata mmoja ambaye angeulizwa. Angeulizwa Binti Chilumba, mia tatu na kumi na mbili kwa mkupuo, kupitia macho yasiyomwona mtu.

Kifungu cha kumi na tisa alikisikiliza mara tatu. Ikithibitika kwamba mdhamini alikubalishwa bila ridhaa yake, udhamini wake wote unasimama. Hapo Lango watawasajili upya wadhaminiwa mmoja mmoja, ana kwa ana, kila mtu ajichagulie masharti, na bangili zitaendelea kufanya kazi mpaka usajili umalizike, siku tisini. Thibitisho linalokubalika ni tamko la aliyetenda, kwa ufunguo wake mwenyewe. Ufunguo alioupata unakufa papo hapo. Yeye atasajiliwa wa mwisho.

Aliwaeleza wenzake kifungu cha saba. Cha kumi na tisa alikiacha tumboni. Walimsikiliza vizuri, kisha mmoja akauliza Lango watafanya nini na funguo zao, wawatazame wakinywa maji? Mwingine alisema bibi mwenyewe angekuwa mzima angekubali, alikuwa hamnyimi mtu. Sikudhani alisema hakuna anayejua angesema nini, ndiyo maana mtu huulizwa. Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, na yeye si msemaji, sauti ikampasuka.

"Jumamosi saa sita kisima kikinifungia," Somoe alisema, "watoto wangu nitawachotea masharti?"

Banda likacheka. Somoe hakucheka. Alikuwa anamtazama Sikudhani tangu asubuhi.

4

Jioni, kabla jua halijazama, Sikudhani alimkuta Somoe uani kwake anaanua nguo. Walikuwa wameingia unyagoni mwaka mmoja, wamelala kwenye mkeka mmoja, wamefunikwa khanga ya pamoja siku ya kutolewa. Mtu wa namna hiyo humzungushii maneno. Sikudhani alimwambia: yule mtu mmoja ni mimi.

Somoe aliendelea kukunja nguo. Alisema alijua tangu asubuhi, kwa jinsi alivyolikwangua lile bakuli.

Hakuwa na hasira juu ya ufunguo, alisema. Kama angekuwa yeye, na mtoto analia mifupa, labda angefanya hivyo hivyo. Hasira yake ilikuwa juu ya wiki tatu. Wiki tatu amekuja kila asubuhi na bakuli, amekaa kwenye kitanda kile, amemwita somo na kulia mbele yake, na Sikudhani amesimama pembeni akijua kwamba somo ameshageuzwa kitasa, na aliyekuwa wa kwanza kukizungusha ni yeye.

"Ulitupita sote," Somoe alisema. "Hukuja hata kuniambia, Somoe, nimeshikwa, nifanyeje."

Sikudhani hakujitetea. Alimweleza kifungu cha kumi na tisa, neno kwa neno, alikuwa ameshakikariri. Alipofika kwenye ufunguo unakufa papo hapo, Somoe aliweka nguo chini.

"Na Asumini?"

Asumini alikuwa na vidonge vya siku tisa. Usajili ungechukua siku tisini, na Sikudhani angekuwa wa mwisho. Mtoto hana ufunguo wake. Anatundikwa kwenye ufunguo wa mama. Ufunguo wa mama ukifa, kwa kabati la dawa mtoto hayupo duniani.

Njia ilikuwa moja, na Sikudhani aliisema akiangalia chini. Mtoto huweza kuhamishwa kutoka bangili moja kwenda nyingine, kama anavyohamishwa yatima. Bangili mbili zikae umbali wa kiganja kimoja, wenyewe waonyeshe nyuso. Leo ilikuwa inawezekana. Kesho baada ya saa nne haitawezekana tena.

Somoe akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha mkono wenye bangili. Hakumkaribisha Sikudhani kiti. Sikudhani alichuchumaa mavumbini, akanyoosha wa kwake.

Bangili zilitambuana, zikawaka. Ya Somoe iliuliza swali lake na Somoe akaitazama. Ya Sikudhani ikauliza: Unakubali kuacha kuwa mama wa Asumini? Sauti ile ile ya furaha, ile iliyosema asante. Sikudhani alitaka kuipiga kwenye jiwe. Aliitazama bila kupepesa, maana ukipepesa inarudia swali, na hakutaka kulisikia mara ya pili.

"Imekubali," Somoe alisema, akavuta mkono wake. "Dawa nitampa. Kila mwezi, sitakosa hata mara moja. Salamu zangu usizitafute."

5

Ijumaa saa nne Komba alikuta chumba kimejaa hadi uani. Nusu ya wabanguaji walikuwa wamekuja na aproni zao za kazini. Walikaa ukutani, kwenye mkeka, kwenye kizingiti. Walitaka iishe waende zao. Binti Chilumba alikuwa kitandani, khanga usoni, kifua kinapanda na kushuka.

Komba alifungua kisanduku cha vidani, vimepangwa kama mayai. Akashukuru watu kwa ushirikiano. Akaomba khanga iondolewe.

Sikudhani alisimama kati yake na kitanda. Aliiambia bangili yake ifungue tamko la kifungu cha kumi na tisa.

Komba alikijua kifungu. Uso wake ulibadilika kwa mara ya kwanza. Alimsogelea, akanong'ona kwamba asifanye haraka. Alisema jina lake litaandikwa mwizi wa uso, na halitafutika. Hata Lango wenyewe hawana njia ya kulifuta. Alisema wanaweza kuelewana, atamhamishia funguo zake kwanza, kimya kimya, na ile kumbukumbu hakuna atakayeigusa. Mwisho akasema afikirie mtoto.

"Mtoto gani?" Sikudhani akasema, na hakunong'ona. "Tazama kwenye mfumo wako kama nina mtoto."

Komba alitazama kidani chake. Akatazama tena. Wale wanawake ukutani, waliokuwa hawajui chochote, walianza kunyanyua vichwa.

Sikudhani aliwageukia. Alisema yote, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengi. Kwamba bangili yake ilisagwa. Kwamba aliinua mkono wa somo wao akaelekeza bangili usoni, na bangili ikashukuru. Kwamba alimwiba. Sauti ilimpasuka tena na safari hii hakuijali.

"Uso wake si ndiyo," alisema. "Kama kutazama ndiyo kukubali, basi kila mgonjwa amekubali, na kila maiti ambaye hajafumbwa macho amekubali. Mimi nilimfanyia hivyo mara moja, na hawa wanataka mara mia tatu na kumi na mbili, kwa mgongo wangu. Sitaki."

Mama mmoja mzee alisonya, sonyo refu, na haikujulikana anamsonyea nani.

Bangili ilikuwa inasubiri. Iliuliza: Unathibitisha kwamba ulitumia uso wa mdhamini bila ridhaa yake? Sikudhani aliinua mkono wake mwenyewe, akaitazama. Ilimtambua, ikamwita kwa jina, ikashukuru. Kisha ikazima, na pale ilipokuwa na mwanga pakabaki kioo cheusi chenye alama za mafuta ya ganda.

Muda si muda kidani cha Komba kikalia. Akasoma, akakisoma upya, akafunika kisanduku chake. Alisema kwa sauti kavu, isiyo na dada ndani yake, kwamba udhamini umesimama, bangili hazitazimwa kesho, na Lango watatuma watu wa kusajili. Alitoka akiwa amebeba viatu mkononi.

Wanawake waliondoka mmoja mmoja. Wengine walikwenda kwanza kitandani, wakamgusa Binti Chilumba miguu kupitia shuka. Walipompita Sikudhani, walipita kama mtu anavyopita nguzo. Alikuwa amewaokolea funguo zao, na alikuwa amemfunua somo wao akawaficha. Yote mawili yalikuwa kweli, na wao siku ile walichukua la pili.

Alipobaki peke yake alikaa sakafuni, akalia kwa hasira tupu, meno yamekutana. Halafu akainuka kuwasha jiko, kwa sababu mgonjwa alikuwa hajala.

6

Kisima hakikumfungulia tena. Kila asubuhi ndoo moja iliwekwa mlangoni, na aliyeileta alisema kwa nguvu, ili isikosewe, kwamba ni ya mgonjwa. Sikudhani aliitumia kwa mgonjwa. Yeye alikunywa yaliyobaki baada ya kumwosha Binti Chilumba, yale ya chini ya ndoo, ambayo hakuna aliyekuja kuyahesabu.

Siku ya nane baada ya tamko, Asumini alibakiwa na kidonge kimoja. Asubuhi hiyo Somoe alikuja hadi barazani, akamchukua mtoto mkono, wakaondoka bila neno. Sikudhani aliwafuata kwa nyuma.

Geti la zahanati liliwafungulia wale wawili na kumfungia yeye. Alisimama nje, akashika wavu. Ndani, chini ya mti wa mlangoni, Lango walikuwa wameweka meza tatu na maafisa watatu wasiomjua mtu, na foleni ya wabanguaji ilikuwa imefika ukutani. Kila mmoja akifika mezani alisomewa masharti. Alisikia mama mmoja akimwambia afisa arudie kifungu cha saba, taratibu, yeye hana haraka. Afisa akarudia. Mama akasema hicho hakitaki. Afisa akamwambia wengi wamekikubali, na mama akamuuliza kama wengi hao ndio watakaomsainia. Nyuma yake mwingine akasema na yeye asomewe hicho hicho.

Hasira haikumtoka Sikudhani kwa kuyasikia. Ilikaa pale pale, ila sasa ilikuwa imepata mahali pa kuegemea.

Kupitia kioo cha mlango aliliona kabati. Somoe alisogeza bangili, akatazama. Kabati likasema, na sauti ilifika mpaka getini: Karibu, mama wa Asumini. Asumini aligeuka haraka kutafuta nje, akamwona aliyekuwa kwenye wavu, kisha akamtazama Somoe kama mtu aliyesikia kosa na haruhusiwi kulisahihisha.

Walitoka na kichupa. Sikudhani alidhani watampita. Somoe alimleta mtoto mpaka kwenye wavu, akatoa kidonge kimoja, akafungua chupa yake ya maji. Mtoto akameza. Somoe hakumsalimu Sikudhani, wala hakumtazama usoni. Aliangalia pembeni, kule kwenye foleni, taya limekaza, hasira yake ikiwa nzima kama alivyoiahidi.

"Fungua mdomo," akamwambia Asumini. "Mwonyeshe mama yako umemeza."

Asumini akasogea kwenye wavu, akapanua mdomo, akatoa ulimi.